Pikipiki ya Mlimani: Klachi na Sproketi Kwanza, Injini Baadaye

Kila msimu wa mvua, mafundi wa pikipiki wa Wundanyi, Mwatate na Voi huletewa lalamiko lile lile: pikipiki imepoteza nguvu. Mara nyingi mwenye chombo huwa ameshajiamulia dawa. Anataka pistoni kubwa, kabureta kubwa, au silensa ikatwe ili injini “ipumue”. Fundi akifungua anakuta injini haina kosa. Nguvu ipo, ila haifiki kwenye gurudumu la nyuma. Inapotelea kwenye klachi iliyochoka, kwenye oili isiyofaa, au kwenye sproketi zilizopangiwa barabara tambarare.

Suala hili linagusa kaunti nzima. Mji wa Voi uko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Vuria katika Milima ya Taita kinafikia mita 2,208. Kati ya sehemu hizo mbili kuna vijiji ambavyo gari hufika kwa shida, hasa mvua ikinyesha. Ni bodaboda inayoshusha kabichi na nyanya kutoka Werugha na Mgange, inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku, na inayowabeba wachimbaji wa vito kwenda Kasighau. Pikipiki ikikwama au breki zikikataa kwenye mteremko, hasara haiishii kwa mwendeshaji.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua marekebisho ya klachi na injini kwa ajili ya barabara za milima, matope na vumbi. Yamepangwa kwa utaratibu ambao pesa zako zinapaswa kufuata: kwanza yale ya gharama ndogo yenye faida kubwa, mwisho yale ya gharama kubwa yenye hatari. Hayachukui nafasi ya kitabu cha mtengenezaji wa pikipiki yako, wala ya fundi aliyesomea kazi hiyo.

Klachi hufanya kazi gani

Karibu pikipiki zote za bodaboda zina klachi ya pleti nyingi inayofanya kazi ndani ya oili. Ukifungua kifuniko cha upande wa injini utaona pleti zimepangwa kwa zamu kama chapati kwenye hotpoti: moja ya msuguano, moja ya chuma, moja ya msuguano, moja ya chuma. Pleti za msuguano huzungushwa na injini kupitia nyumba ya klachi. Zile za chuma zimeshikamana na shafti inayoingia kwenye gia. Juu yake kuna springi kadhaa zinazozikandamiza zote pamoja ili zizunguke kama kitu kimoja.

Ukivuta mkono wa klachi, springi huachia na pleti huteleza bila kushikana. Ukiuachia, hushikana tena. Tatizo linaanzia katikati, pale mwendeshaji anaposhikilia nusu klachi. Hapo pleti zinateleza huku zimekandamizwa, na nguvu ya injini inageuka kuwa joto badala ya mwendo. Sekunde chache wakati wa kuondoka hazina madhara, kwa kuwa oili hulibeba joto hilo. Nusu klachi ya dakika nzima, pikipiki ikiwa na magunia mawili ya viazi kwenye kona ya mlima, ni habari nyingine. Nyenzo ya msuguano huungua na kuwa laini kama kioo, na pleti za chuma hupinda.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwendeshaji wa mlimani lisiwe “nitaongezaje nguvu?” bali “kwa nini nalazimika kushika nusu klachi?” Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha mahali pa kuweka pesa.

Jaribio la dakika moja

Kabla ya kununua spea yoyote, hakikisha kwanza kama klachi inateleza. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari wala watu. Endesha polepole ukiwa gia ya juu, kisha fungua mafuta kwa haraka. Klachi nzima itafanya injini igugume kidogo na kuanza kuvuta taratibu. Klachi iliyochoka itafanya resi iruke juu ghafla bila mwendo kuongezeka. Dalili nyingine ni harufu ya kuungua baada ya kupanda mlima, na oili kuwa nyeusi mapema kuliko kawaida.

Ukiona dalili hizo usikimbilie kufungua injini. Angalia kebo ya klachi kwanza. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, ncha ya mkono wa klachi inatakiwa icheze bure milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kukaza. Waendeshaji wengi hukaza kebo ili klachi “ishike karibu”, bila kujua kwamba kebo iliyokazwa kupita kiasi ni sawa na kuendesha siku nzima ukiwa umevuta klachi kidogo. Pleti hazikandamizwi kikamilifu na zinaungua pole pole. Kebo iliyolegea mno nayo ina kasoro yake: klachi haiachii yote, gia huingia kwa kugonga, na injini huzima ukisimama.

Kurekebisha kebo hakugharimu chochote. Zipo klachi zilizobadilishwa bure kwa sababu hakuna aliyeangalia kebo.

Oili: soma maandishi ya nyuma ya chupa

Kwa sababu klachi inaoga katika oili ile ile ya injini, oili ni sehemu ya klachi. Oili nyingi za kisasa za magari madogo zimetiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Kwenye gari hazina madhara, kwa kuwa klachi ya gari kwa kawaida iko nje ya oili. Kwenye pikipiki kemikali hizo hufanya pleti ziteleze.

Nunua oili ya pikipiki ya injini ya mipigo minne yenye alama ya JASO MA au MA2. Hicho ni kiwango cha Japani kinachothibitisha kwamba oili hiyo imepimwa kwa klachi za aina hii. Alama ya JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu. Haifai kwa bodaboda. Unene wa oili ufuate kitabu cha pikipiki yako.

Kiasi nacho ni muhimu. Injini nyingi za bodaboda hubeba takriban lita moja tu, na oili hiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi. Ikipungua robo lita, kilichobaki hupata joto zaidi. Mwendeshaji wa vumbi na matope abadilishe oili mapema kuliko yule wa lami. Na ukivuka mto au korongo lililojaa, angalia oili baadaye. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage siku hiyo hiyo.

Kuchagua pleti na springi

Jaribio likionyesha kwamba klachi inateleza ingawa kebo na oili ni sawa, basi wakati wa kubadilisha umefika. Hapa kuna ngazi kadhaa za kuchagua.

Ngazi ya kwanza ni seti kamili ya kawaida: pleti za msuguano, pleti za chuma na springi, zote za kiwango cha mtengenezaji. Kwa bodaboda nyingi za milimani hii inatosha. Kosa linalorudiwa ni kubadilisha pleti za msuguano peke yake na kurudisha pleti za chuma zilizopinda. Fundi anaweza kulaza pleti ya chuma juu ya kioo na kuona kama inacheza. Ikicheza, au ikiwa na madoa ya rangi ya samawati, imeshaungua na haifai. Pleti mpya za msuguano zilowekwe kwenye oili safi kabla ya kufungwa, zisianze kazi zikiwa kavu.

Ngazi ya pili ni springi ngumu zaidi. Springi zenye nguvu zaidi kwa asilimia 10 huongeza uwezo wa klachi wa kushika kwa karibu kiasi hicho hicho. Ni marekebisho ya bei nafuu, na yanamfaa anayebeba mizigo mizito. Gharama yake iko mkononi: mkono wa klachi unakuwa mzito, kebo inachakaa haraka, na mtu anayesimama na kuondoka mara mia kwa siku huchoka. Mkono uliochoka huanza kushika nusu klachi, na faida yote inapotea. Springi zibadilishwe zote kwa pamoja, na boliti zikazwe kwa kupishana kidogo kidogo. Boliti moja isikazwe hadi mwisho ilhali nyingine zimelegea.

Ngazi ya tatu ni klachi kubwa yenye pleti zaidi, au nyumba ya klachi iliyo imara zaidi. Hii inahitajika pale tu injini yenyewe imeongezwa nguvu. Kabla ya kufika hapo, mwambie fundi aangalie nyumba ya klachi uliyo nayo. Mahali pleti zinapogusa huchimbika vijishimo kadiri miaka inavyopita, pleti hunasa humo, na pikipiki huondoka kwa kuruka. Mwenye chombo hudhani pleti ni mbovu, anabadilisha, na tatizo linabaki.

Ipo pia klachi ya kujiendesha, inayofungua na kufunga yenyewe kulingana na resi ili injini isizime. Wanaoendesha pikipiki za mashindano kwenye miamba huipenda kwa sababu hiyo. Pikipiki ndogo za kupanda bila kuvuta klachi zina mfumo unaokaribiana na huo tangu kiwandani. Kwa bodaboda ya kawaida, kununua ya kufungia baadaye ni gharama isiyolingana na kipato cha kazi.

Jino moja la sproketi

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi huipita. Pikipiki nyingi huja kutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa mchanganyiko wa barabara, pamoja na mwendo wa lami. Gia yake ya kwanza ni ndefu mno kwa mlima mkali wenye mzigo. Mwendeshaji akiachia klachi yote injini inazima, basi anashika nusu klachi. Klachi inaungua kwa kosa la sproketi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma ina meno 42. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Maana yake, sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ili gurudumu la nyuma lizunguke mara 1. Sasa badilisha ya mbele iwe na meno 13. Gawanya 42 kwa 13, unapata takriban 3.23. Mvuto kwenye gurudumu la nyuma umeongezeka kwa asilimia 7.7 katika kila gia, bila kugusa injini. Ukitaka matokeo yanayokaribia hayo kwa kubadilisha ya nyuma, utahitaji meno 45 badala ya 42. Ndiyo maana mafundi husema jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma.

Linganisha faida hiyo na kile ambacho mlima unakunyima. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kutoka Voi hadi Wundanyi unapanda takriban mita 800, yaani injini inapoteza kama asilimia 8. Jino moja la sproketi linakaribia kukurudishia mvuto huo wote, na kazi hiyo humalizika kwa muda mfupi tu kwa fundi.

Bei yake ni mwendo. Kwa resi ile ile iliyokupa kilomita 80 kwa saa, sasa utapata takriban 74, na kwenye lami injini itapiga kelele zaidi na kunywa mafuta zaidi. Kwa hiyo anayefanya kazi kati ya Voi na Mwatate kwenye lami muda mwingi aache sproketi za kiwandani. Anayeshinda kwenye njia za mlimani ana sababu nzuri ya kupunguza jino moja. Kupunguza mawili au matatu hakushauriwi kwa kawaida: sproketi ndogo sana hupinda cheni kwa nguvu, na vyote viwili vinakwisha upesi.

Badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja ikiwa zimechakaa. Cheni ya zamani hula meno ya sproketi mpya. Acha cheni icheze juu na chini sentimita 2 hadi 3, au kama kitabu chako kinavyoelekeza, na uipime ukijua kwamba mzigo unapokaa, cheni hukaza zaidi.

Injini: kila nguvu ina bei

Baada ya kebo, oili, klachi na sproketi kuwa sawa, wengi hugundua kwamba hawahitaji kugusa injini. Kwa anayetaka kuendelea, haya ndiyo marekebisho yanayofanywa mara nyingi na yale yanayodai.

*Filta ya hewa.* Kuondoa boksi la filta na kufunga filta ndogo ya wazi huongeza sauti, lakini kwa barabara zetu ni hasara. Vumbi jekundu la Voi na Kasighau ni laini kama unga. Likipita filta, linachanganyika na oili na kusaga ringi na silinda kama msasa. Injini huanza kutoa moshi wa samawati na kula oili. Acha boksi la kiwandani, safisha filta mara kwa mara, na kama ni ya sponji, ipake oili ya filta na kuikamua kabla ya kuirudisha.

*Silensa.* Kukata silensa hakuleti nguvu ya kupandia mlima. Injini ndogo hutegemea bomba lake la moshi lilivyoundwa ili kuvuta vizuri kwenye resi ya chini na ya kati, na hizo ndizo resi za mlimani. Ukilikata, mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kukosa petroli ya kutosha, injini ikapata joto, na valvu ya moshi ikaungua. Kinachoongezeka ni kelele.

*Jeti ya kabureta.* Pikipiki ya kabureta ikipanda juu, hewa hupungua ilhali petroli haipungui kwa kiasi hicho. Plagi huwa nyeusi kwa masizi na mafuta yanakwisha haraka. Anayeishi na kufanya kazi sehemu za juu muda wote anaweza kufungiwa jeti ndogo kidogo. Anayepanda na kushuka kila siku aache ilivyo, kwa sababu jeti ya juu mlimani ni kavu mno akifika bondeni.

*Flaiwili nzito.* Flaiwili ni lile gurudumu la chuma linalozunguka ubavuni mwa injini na kuipa mwendo usiokatika. Ikiongezwa uzito, injini haizimi upesi ikienda polepole kwenye mawe, na gurudumu la nyuma haliteleziteleze sana kwenye matope. Wanaoendesha pikipiki za porini huithamini. Kuipunguza uzito kunafanya kinyume: injini inapanda resi haraka, jambo linalofaa uwanja wa mashindano na si mzigo wa kabichi.

*Pistoni kubwa.* Chukua injini ya muundo wa Honda CG125, ambayo imeigwa na viwanda vingi na inajulikana kwa mafundi wetu. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5, jumla takriban cc 124. Silinda ya milimita 62 kwa msafara ule ule inatoa takriban cc 149. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 20, na mwendeshaji ataisikia. Lakini nguvu hiyo inapita kwenye klachi ile ile, beringi zile zile, cheni ile ile na breki zile zile. Joto linaongezeka, na mgandamizo ukipanda sana injini huanza kugonga kwa petroli ya kawaida. Pistoni kubwa bila klachi iliyoimarishwa ni kuhamisha tatizo tu. Fundi mkweli atakupa bei ya vyote kwa pamoja, nawe ulinganishe na bei ya kuuza ulichonacho na kununua pikipiki iliyotoka kiwandani na injini kubwa, breki zake na bima yake.

Pikipiki za mashindano unazoziona zikiruka matuta zimejengwa kwa kazi hiyo tangu fremu. Injini zake hufunguliwa na kukaguliwa kwa kuhesabu saa za kazi, si miaka. Kuchukua mtindo wake na kuuweka kwenye chombo kinachofanya kazi kutoka alfajiri hadi usiku ni kuchukua gharama zake pia.

Kilichopanda lazima kishuke

Mazungumzo mengi ya marekebisho huhusu kupanda, lakini ajali kubwa za mlimani hutokea wakati wa kushuka. Mazoea ya kuzima injini au kuvuta klachi kwenye mteremko ili kuokoa petroli yaachwe kabisa. Injini iliyo kwenye gia huzuia gurudumu la nyuma na kuzipumzisha breki. Ukiiondoa, uzito wote unabaki kwa breki. Breki za ngoma zikipata joto jingi hupoteza nguvu, na mwendeshaji hugundua hivyo akiwa tayari kwenye kona.

Kwenye pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele hutegemea injini inayozunguka. Ukiizima usiku, taa inafifia au inazimika. Katika kaunti inayopakana na Hifadhi za Tsavo, ambako ndovu huvuka barabara gizani, hilo halihitaji maelezo zaidi.

Kanuni rahisi ni hii: shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda mlima huo. Hapa tena jino dogo la sproketi linasaidia, kwa sababu injini inashika zaidi wakati wa kushuka. Ukitoka kwenye maji au matope, kanyaga breki kidogo kidogo kwa mita chache ili zikauke kabla ya kuzihitaji. Na usiongeze nguvu ya injini kabla ya kukagua viatu vya breki na matairi. Tairi lisilo na meno kwenye matope litazunguka bure hata likipewa injini ya lori.

Sheria na bima

Injini ikibadilishwa, nambari yake haitalingana na iliyo kwenye logibuku. Mabadiliko hayo yanapaswa kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ambayo huduma zake hupatikana kupitia eCitizen. Ukikamatwa na injini isiyolingana na kumbukumbu, utakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba si ya wizi. Weka risiti ya kila spea kubwa.

Bima ya kulinda watu wengine ni lazima kisheria. Ukibadilisha chombo kwa kiasi kikubwa bila kuijulisha kampuni ya bima, unaipa nafasi ya kupinga fidia siku ya ajali. Kuhusu kelele, kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinakataza kelele zinazopita kiasi, na pikipiki iliyokatwa silensa iko upande mbaya wa kanuni hizo. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, na kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga ni za mwendeshaji na abiria pia. Hakuna marekebisho ya injini yanayobadilisha hilo.

Utaratibu wa kufuata

Bandika orodha hii karakana au kwenye kituo chenu cha bodaboda:

1. Rekebisha kebo ya klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20.
2. Tumia oili yenye alama ya JASO MA au MA2, na pima kiasi chake kila wiki.
3. Kagua breki, matairi, cheni na filta ya hewa.
4. Fanya jaribio la klachi. Ikiteleza, badilisha pleti zote na springi kwa pamoja.
5. Kwa kazi ya mlimani, punguza jino moja la sproketi ya mbele.
6. Kwa mizigo mizito, fikiria springi ngumu kidogo.
7. Endesha mwezi mmoja kabla ya kuamua jambo lolote kuhusu injini.
8. Ukiamua kuongeza ukubwa wa injini, panga bajeti ya klachi, cheni, breki, bima na usajili pamoja nayo.

Anayefika nambari 5 kwa uaminifu kwa kawaida hana haja ya kwenda nambari 8. Atakuwa ametumia sehemu ndogo ya pesa ambazo zingeingia kwenye pistoni, na jioni pikipiki yake itashuka Wundanyi ikiwa kwenye gia, breki zake zikiwa baridi.

Vijana wanaotaka kujifunza ufundi huu kwa utaratibu wanaweza kuuliza katika chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu nao kuhusu kozi za umekanika. Waendeshaji walio katika vikundi na sako wanashauriwa kununua oili na seti za klachi kwa pamoja na kudai risiti, kwani spea bandia huonekana nzuri dukani na kuumbuka mlimani.